Mbuzi ya Bibi: Somo kutoka Daftari la Likizo

 

Wiki hii somo letu halitoki kitabuni. Linatoka kwenye daftari la mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la wakubwa, binti wa miaka 17 aliyezaliwa hapa hapa Uingereza. Mwezi wa Julai na Agosti alikwenda Unguja kwa wiki sita. Asubuhi alisoma Kiswahili mjini, na saa zilizobaki aliishi na bibi yake mzaa mama, huko Ng'ambo. Kabla hajaondoka nilimpa daftari nikamwambia: "Usiniandikie uliyoyaona. Niandikie uliyoyakosea." Amelirudisha limejaa. Yeye na mama yake wamekubali tusome makosa matatu pamoja, ila jina lake tuliache.

Mgeni au mwenyeji?

Kwanza mjue alikuwa na Kiswahili cha namna gani. Ni kile ambacho wengi wenu mnacho. Mama akisema "zima taa" au "njoo ule", anaelewa, lakini anajibu kwa Kiingereza. Bibi yake alimjua kwa simu tu. Kila Jumapili mama alimpa simu, na mazungumzo yao tangu alipokuwa mdogo yalikuwa haya:

"Hujambo, mjukuu wangu?"
"Sijambo, bibi. Shikamoo."
"Marahaba. Wasoma?"
"Nasoma."
Halafu kimya. Halafu bibi husema: "Haya, nipe mama."

Katika ukurasa wa kwanza wa daftari ameandika: "Nina miaka 17 na sijawahi kumwuliza bibi swali hata moja."

Siku ya kwanza ya masomo alipangwa darasa la Kiswahili kwa wageni. Aliona aibu, kwa kuwa hakujihesabu mgeni. Wenzake walikuwa Wajerumani, Wamarekani na Mkorea mmoja, na ngeli walizijua kwa kichwa. Mwalimu akionyesha viti, wao husema "vimevunjika", yeye husema "imevunjika". Lakini mwalimu alipotia utani, yeye peke yake ndiye aliyecheka kabla ya kuelezwa. Basi wanafunzi, msidharau Kiswahili cha jikoni kwenu. Sikio lenu limeshajifunza mengi ambayo mwingine huyatafuta kwa miaka. Kilichobaki ni kuyafungulia mdomo.

Nyumbani kwa bibi hakukuwa na darasa la wageni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Binti yetu siku ya tatu hakupewa jembe. Alitumwa mbuzi.

Kosa la kwanza: mbuzi

Bibi alikuwa jikoni, anataka kupika mchuzi wa nazi. Akaita: "Mjukuu wangu, niletee ile mbuzi hapo uani."

Binti akatoka. Nyuma ya nyumba jirani alikuwa amewafunga mbuzi wake wawili. Akamfungua mmoja, akamkokota hadi mlango wa jikoni, mbuzi analia, watoto wa mtaa wanamfuata nyuma. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda mwenyewe uani, akarudi na kibao kifupi cha kukalia, chenye ulimi wa chuma wenye meno mbele yake. Hicho ndicho kifaa cha kukunia nazi, na jina lake ni mbuzi.

Sasa tazameni vizuri maneno ya bibi. Hakusema "yule mbuzi". Alisema "ile mbuzi". Neno dogo lile lilikuwa na jibu lote ndani yake. Kwa Kiswahili, kiumbe mwenye uhai huchukua *yu-* au *a-*: huyu, yule, amepotea. Kitu kisicho na uhai hufuata ngeli yake:

Yule mbuzi amepotea. (mnyama)
Ile mbuzi imepotea. (kifaa cha kukunia nazi)

Ndege yule ametua juu ya mti. (mwenye mabawa na manyoya)
Ndege ile imetua uwanjani. (ya kusafiria)

Kaa anatembea mchangani. (wa baharini)
Kaa linawaka jikoni. (la moto)

Ndiyo maana tunahangaika na ngeli kila Jumamosi. Si adhabu. Ni njia ya kujua umetumwa nini.

Msamiati wa nazi, kama bibi alivyomfundisha jioni ile: *kumbi* ni ganda la nje lenye nyuzi. *Kifuu* ni gamba gumu. *Kukuna* ni kuisugua nazi kwenye meno ya mbuzi. *Kifumbu* ni kikapu kidogo cha kukamulia. *Tui* ni maziwa ya nazi yanayotoka, la kwanza zito, la pili jepesi. *Chicha* ni machujo yanayobaki. Na ile nazi changa ambayo bado ina maji matamu ya kunywa huitwa *dafu*.

Kosa la pili: saa

Bibi anatumia dawa ya presha. Juu ya bahasha ya dawa mfamasia ameandika 1x2, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Binti alipomwuliza anameza saa ngapi, bibi alijibu: "Saa mbili na saa mbili, ila siku nyingine nasahau."

Mjukuu mwenye mapenzi akaweka kengele kwenye simu yake: 2:00 na 14:00. Usiku ule simu ikalia. Akaamka, akachukua glasi ya maji na kidonge, akaenda kumgusa bibi begani.

Bibi alishtuka akakaa kitandani. "Kuna nini? Nani amefariki?"
"Hakuna aliyefariki, bibi. Ni saa mbili. Dawa."
Bibi akatazama dirishani, giza tupu. "Saa mbili gani hii, mwanangu? Hii saa nane ya usiku. Hata jogoo hajawika."

Wote nyumbani walicheka asubuhi yake. Mimi nilipoisoma habari hii sikucheka sana, kwa sababu kazi yangu ni uuguzi. Bibi alikuwa ameshameza kidonge chake baada ya sala ya isha, na kwa bahati alikumbuka, akakikataa kile cha pili. Angekuwa mzee anayesahau zaidi, angemeza vidonge viwili ndani ya saa sita badala ya kumi na mbili. Presha ikishuka mno mzee hupata kizunguzungu, na mzee akianguka usiku anaweza kuvunjika mfupa. Kwa hiyo saa ya Kiswahili si mapambo ya lugha. Tuisome vizuri.

Karibu na mstari wa ikweta jua hutoka na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Kwa hiyo Waswahili huhesabu saa tangu kunapokucha, na huanza tena kuhesabu kunapokuchwa. Saa moja baada ya kucha ni saa moja asubuhi, ambayo kwenye simu yako ni 7:00. Saa moja baada ya kuchwa ni saa moja usiku, 19:00. Hapa Uingereza hesabu hiyo ingetuchanganya, maana mwezi wa Juni jua la London hutoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri na huzama baada ya saa tatu usiku.

Kanuni ni kuongeza au kupunguza sita. Kama una saa ya mishale ukutani, kuna njia rahisi zaidi: soma namba iliyo upande wa pili, mkabala na mshale mfupi. Mshale ukiwa kwenye 8, mkabala wake ni 2. Hiyo ni saa mbili. Halafu usiache kamwe kutaja wakati: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Bibi naye siku hizi hutaja.

Kosa la tatu: salamu

Njia ya kwenda darasani ilikuwa kutoka Ng'ambo, kupita Darajani kwenye soko, kuingia Mji Mkongwe. Majina haya yenyewe ni somo. Zamani mkono wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na upande wa pili. Upande wa pili wa maji huitwa ng'ambo, na penye daraja ni darajani. Leo maji yale yamefukiwa na watu wanapita kwa miguu na magari, lakini majina yamebaki. Ni neno lile lile wanalolitumia wakituzungumza sisi huku: "Wanangu wako ng'ambo."

Binti alipita njia hiyo kila asubuhi, muziki masikioni, macho chini, kama anavyokwenda kupanda basi hapa. Baada ya wiki moja jirani mmoja mtu mzima alikuja kupiga hodi. Akakaa, akasalimiana na bibi kwa kirefu, kisha akauliza taratibu: "Bibi, mjukuu wako tumemkosea nini?"

Binti alikuwa chumbani, akasikia. Ameandika kwamba hilo lilimuuma kuliko makosa yote, kwa sababu alimwona bibi akiinamisha kichwa. Hakuwa na kiburi. Mtaani kwetu huku, ukimsalimu usiyemjua anaweza kukuogopa. Kule, usipomsalimu unamwambia kwamba hujamwona kuwa ni mtu.

Bibi hakumgombeza. Alimfundisha kwamba salamu si neno moja, ni mnyororo. Sisi huku tumezoea pete ya kwanza tu, "hujambo, sijambo", halafu tunashikwa na kimya. Someni hizi wawili wawili:

"Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu."
"Umeamkaje?" "Nimeamka salama, sijui wewe."
"Hamjambo nyumbani?" "Hatujambo sote."
"Bibi anaendeleaje?" "Anaendelea vizuri, alhamdulillahi."
"Haya, nisalimie." "Salamu zitafika."

Salamu zikitoka hivyo, huwezi kukosa la kusema. Umeshauliza habari za watu watatu, na kila mmoja ana habari yake. Kufika wiki ya nne, njia ya dakika kumi na tano ilimchukua arobaini. Ikabidi aondoke mapema.

Neno kwa wazazi

Mimi si mtaalamu wa lugha. Masomo yangu ya Kiswahili yaliishia sekondari. Nitawaambia kwa nini natoa Jumamosi zangu.

Miaka michache iliyopita, wodini, nilimhudumia mzee wa kwetu aliyekuwa na ugonjwa wa kusahau. Alikuwa ameishi nchi hii miaka mingi na Kiingereza chake kilikuwa kizuri, lakini ugonjwa ulikichukua kwanza. Kiswahili kikabaki. Watoto wake, watu wazima wenye kazi nzuri, walisimama upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, wananiuliza: "Baba anasema nini?" Alikuwa anaomba uji. Siku nyingine alikuwa anawataja kwa majina, mmoja mmoja, na kuwaombea dua. Niliwatafsiria baba yao mpaka zamu yangu ilipokwisha.

Nilirudi nyumbani nikajitazama. Na mimi nilikuwa namwacha mwanangu anijibu kwa Kiingereza, kwa kuwa nimechoka, kwa kuwa ni haraka. Silaumu mtu hapa. Najua kazi za zamu mbili. Lakini mtoto anayeelewa bila kusema anahitaji kitu kimoja tu kutoka kwetu: tumngoje amalize sentensi yake, hata kama ina makosa, hata kama chai inapoa.

Binti yetu alipozoea, alimwuliza bibi swali lake la kwanza: "Ulipokuwa na umri wangu, ulikuwa unafanya nini?" Jibu lilichukua jioni tatu. Katika jibu hilo alijua kwamba bibi alishona kofia kwa mkono, usiku, kwa taa ya chemli, ili apate nauli ya mama yake kwenda kusoma. Mama yake mwenyewe hakuwa na habari hiyo. Ameisikia mwezi wa Septemba, jikoni kwake, kutoka kwa mtoto wake, kwa Kiswahili.

Na Jumapili iliyopita simu ilipoita, mama alipokea kama kawaida. Bibi akamsalimu, kisha akasema: "Haya, nipe mjukuu wangu."

Mazoezi ya wiki

1. Chagua neno sahihi: (a) Ndege (ametua / imetua) na abiria wote. (b) Niletee (yule / ile) mbuzi nikune nazi. (c) Kaa (amenibana / limenibana) kidole ufukweni.

2. Andika kwa Kiswahili, na usisahau kutaja wakati: 7:30, 13:00, 16:15, 22:00.

3. Wadogo: choreni saa ya mishale inayoonyesha saa tatu asubuhi.

4. Wakubwa: mpigie bibi, babu, shangazi au mjomba simu. Msalimu kwa mnyororo mzima, kisha mwulize swali moja ambalo hujui jibu lake. Andika jibu kwa sentensi tano na ulete Jumamosi. Makosa yanaruhusiwa. Daftari safi nitalirudisha.