Yesu Mweusi wa Murang'a: Tunamchora Nani?



Hapa Mpanda, kila nikikaa na VIWAWA, kuna mmoja lazima aulize: "Frateri, Yesu alikuwa Myahudi. Kumchora mweusi si uongo?" Swali zuri hilo. Twende nalo Murang'a, Kenya, nilikofika mwaka jana.

Kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote ni la wenzetu Waanglikana. Ukutani kuna michoro mikubwa mitano: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane, msalaba. Aliyeichora mwishoni mwa miaka ya 1950 ni Mtanzania mwenzetu, Elimo Njau wa Marangu, aliyesomea sanaa Makerere. Yesu wake ni Mwafrika, na amesimama katika nchi ya Wakikuyu.

Sasa, tatizo halikuwa rangi tu. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, wengi kwa kukataa kula kiapo. Jiwe la msingi liliwekwa 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, huku maelfu ya Wakikuyu wakiwa kizuizini mikononi mwa Waingereza. Basi mtu alikuwa na haki ya kuuliza: huyu Yesu mweusi analia na nani?

Nirudi kwa yule kijana. Picha takatifu si picha ya pasipoti! Yesu mwenye nywele za dhahabu kwenye kalenda zetu naye hafanani na Myahudi wa Nazareti, ila huyo hatumuulizi cheti cha kuzaliwa. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 787 ulifundisha kwamba heshima tunayoipa picha humwendea yule anayeoneshwa. Na Neno alitwaa mwili wa kweli (Yn 1:14), mwili wenye kabila na kijiji. Ndiyo maana kila kijiji kinaweza kumkaribisha. Papa Paulo VI alipofika Kampala Julai 1969 aliwaambia Waafrika kuwa wanaweza kuwa na Ukristo wa Kiafrika.

Ila tuwe makini. Yesu akishakuwa wa kwetu peke yetu, anageuka bendera ya ukoo.

Mimi nilikaa zaidi mbele ya Gethsemane. Kijana wa Murang'a wa miaka ile, awe aliamshwa usiku akaape au alibebwa na askari alfajiri, hofu ile ya bustanini angeitambua bila kuelezwa.