Acha Kompaila Ibaki na Moto

Swali: Mwalimu, natengeneza programu za Android kwa Kotlin hapa Nateete, laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Asubuhi, kubildi mara ya kwanza ni kungoja hadi chai ipoe. Mara ya pili ni chapuchapu. Nini kinabadilika?

Jibu: Asubuhi Gradle inawasha mashine ya Java upya. Inapakia maelfu ya klasi kutoka diskini, na msimbo wa kompaila yenyewe huenda polepole mpaka Java itambue sehemu zinazorudiwarudiwa na kuzigeuza kuwa lugha ya prosesa. Ukishamaliza kubildi, Gradle haijifungi: inabaki ikisubiri, na huo ndio utaratibu wake wa kawaida tangu toleo la 3.0 la mwaka 2016. Kompaila ya Kotlin nayo husubiri pembeni.

Swali: Hadi lini?

Jibu: Gradle hukaa saa 3 bila kazi, kisha hujizima. RAM ikibana, huondoka mapema.

Swali: Ndiyo maana laptopu inakwama? Nizizime kabisa?

Jibu: Zihesabu kwanza. Andika ./gradlew --status kwenye terminali. Mara nyingi utakuta Gradle mbili: moja imeanzishwa na Android Studio, nyingine na terminali, kwa kuwa kila upande una Java yake, na Java zikitofautiana Gradle huanzisha mchakato mwingine. Sasa piga hesabu. Mradi mpya wa Android Studio huja na -Xmx2048m ndani ya gradle.properties, yaani kikomo cha GB 2 kwa Gradle, na Kotlin hurithi kikomo hichohicho. Jozi moja yaweza kufika GB 4. Jozi mbili, GB 8, na hujafungua emuleta bado! Kwenye mipangilio ya Gradle ya Android Studio chagua JAVA_HOME ili pande zote zitumie Java moja, kisha ./gradlew --stop uanze upya. Amri hiyo husimamisha zile za toleo la Gradle linalotumiwa na mradi huo tu.

Swali: Umeme ukikatika je?

Jibu: Kilichokuwa kwenye RAM ya kompyuta ya mezani kimekwenda. Laptopu yenye betri nzuri ilaze, usiizime. Ila matokeo ya kazi iliyokwisha yamo diskini, kwenye folda ya build, kwa hiyo nawasihi vijana mwache mazoea ya kubonyeza Clean kila jambo likikwama: mnafuta kilichonusurika. Weka pia org.gradle.caching=true ndani ya gradle.properties; hata folda hiyo ikifutwa, mengi yatatoka akibani.