SHEREHE YA MTOTO ISIYOACHA TAKATAKA

Mwanao anatimiza miaka mitano. Watoto wa jirani wamekwisha kusikia. Wanauliza, "Lini tunakula?" Unafurahi, lakini moyoni unapiga hesabu, maana sherehe inataka fedha. Siku hizi inaacha pia takataka nyingi. Somo letu ni juu ya takataka hizo: zinatoka wapi na zinakwenda wapi.

Tuanze na hesabu. Umealika watoto 20. Kila mtoto unampa sahani ya plastiki, kikombe cha plastiki, kijiko cha plastiki na chupa ndogo ya maji. Hivyo ni vitu 4 kwa mtoto mmoja. Zidisha mara 20, utapata vitu 80. Ongeza maputo 30 ya kupambia. Jumla ni vitu 110. Umevinunua kwa fedha yako, vimetumika kwa saa mbili au tatu, na jioni unavifagia.

Unavifagia viende wapi? Watu wengine huvichoma uani. Moshi wa plastiki una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni watoto wale wale waliokuwa wakicheza. Wengine huvitupa kwenye mfereji. Mvua zikianza, maji ya mfereji huingia mtoni, na mto huingia ziwani. Wewe unayekaa Ujiji unaujua mto Luiche. Ukifurika hauchagui cha kubeba.

Sasa tulitazame ziwa letu. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470. Duniani ziwa linalolizidi kwa kina ni moja tu, Ziwa Baikal la Urusi. Mito mingi inaingia katika Ziwa Tanganyika, lakini mto unaotoka ni mmoja, nao ni Lukuga, upande wa Kongo, penye mji wa Kalemie. Tena maji mengi ya ziwa hayatoki kwa mto huo. Jua huyageuza mvuke, yakapanda hewani.

Umewahi kuchemsha maji ya chumvi mpaka yakaisha? Maji hukauka, chumvi ikabaki chini ya chungu. Plastiki nayo haipandi na mvuke. Jua huikausha na mawimbi huivunja, ikawa vipande vidogo vidogo, lakini haiozi kama jani. Inakaa humo humo wanamoishi dagaa, migebuka na kuhe. Maji hayo tunayatumia sisi na wenzetu wa Burundi, Kongo na Zambia. Kikombe kilichotupwa Ujiji hakiulizi mpaka uko wapi.

Tangu tarehe 1 Juni 2019 Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Katazo hilo lilikuwa la mifuko. Halikugusa sahani, vikombe wala maputo. Kwa vitu hivyo, mwenye sherehe ndiye anayeamua.

Basi tufanyeje? Jibu tunalo hapa hapa. Katika shughuli zetu watu wamezoea kula kwenye sinia. Sinia moja huzungukwa na watoto watano. Kwa watoto 20 masinia 4 yanatosha, na wakimaliza unayaosha. Kama huna masinia, usikimbilie dukani. Vikundi vingi vya akina mama vina vyombo vya shughuli: masinia, masufuria, mikeka na vikombe vya bati. Nenda kaazime mapema, ukavirudishe vikiwa safi.

Kabla ya kula, kila mtoto anawe mikono kwa sabuni na maji yanayomiminwa. Wasichovye mikono wote katika beseni moja. Mkono mmoja mchafu huchafua sinia nzima. Mkoa wetu unakijua kipindupindu. Mwaka 2015 kiliua watu kule Kagunga. Kwa hiyo simlaumu mzazi anayenunua maji ya chupa, maana anaogopa ugonjwa. Lakini yako maji mengine salama. Chemsha maji jana yake. Yaache yapoe, kisha yatie katika ndoo safi yenye mfuniko na bomba. Weka vikombe vya bati karibu, na mtu mzima mmoja wa kuviosha. Ukitaka soda, nunua za chupa za kioo, urudishe kreti dukani.

Maandazi, vitumbua na keki viweke juu ya majani ya mgomba. Osha jani, ulipitishe juu ya moto kidogo lilainike, halitapasuka. Baadaye jani hilo ni chakula cha mbuzi. Karanga nzima wasipewe watoto wadogo, kwa sababu zinaweza kuwapalia.

Maputo je? Watoto wanayapenda, sikatai. Lakini puto likipasuka, mtoto mdogo huokota kipande akakitia mdomoni. Kipande hicho huziba koo kama kizibo, na mtoto anaweza kufa. Mimi naona matawi ya mchikichi mlangoni na kanga zilizotandazwa juu ya kamba hupendeza zaidi. Kanga hizo kesho unazivaa.

Huenda shangazi wa mtoto akasema, "Sherehe gani hii bila maputo? Watu watasema mmeishiwa." Mjibu kwa adabu, "Shangazi, fedha ya maputo na sahani nimenunulia nyama." Nafikiri hapo atakubali kukaa mkekani.

Michezo haina gharama. Wacheze rede, kombolela na mpira wa matambara. Kama ni msimu wa maembe, wape maembe. Kila mtoto aende na kokwa yake akaipande kwao. Mwembe wa kokwa huchukua miaka kadhaa kuzaa, na mtoto atakua nao.

Sherehe ikiisha, mabaki ya chakula wape kuku. Maganda yatie katika shimo la mboji. Chupa za plastiki zikiwapo, zikusanye katika gunia. Wako watu wanaozinunua kwa kilo. Usiziache uani zisubiri mvua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Kwa nini plastiki ikiingia katika Ziwa Tanganyika haitoki upesi?

Umealika watoto 35. Kila sinia ni la watoto 5. Unahitaji masinia mangapi?

Katika mtaa au kijiji chenu, nani ana vyombo vya kuazima? Mwandikie barua fupi. Taja siku ya sherehe, vyombo unavyovitaka na siku utakayovirudisha.