Funga Kazi Kwanza, Ndipo Uwashe Mashine

Anayetoboa bati kwa keekee ya mezani huku amelishika kwa mkono anaweza kuona kila kitu ni shwari, mpaka biti inapokaribia kutokea upande wa pili. Hapo ndipo hatari ilipo. Chuma kilichobaki chini ni chembamba, biti inakinasa badala ya kukikata, na bati zima linaanza kuzunguka nayo, kingo zake zikiwa kali. Hakuna mkono unaoweza kulizuia.

Lilaze bati juu ya ubao, kisha ulifunge kwa klempu mbili. Kipande kinene kitie kwenye jiliwa, na jiliwa yenyewe uikaze mezani kwa bolti. Nondo na mabomba huviringika, hivyo yalaze kwenye egemeo lenye mfereji wa V kabla ya kuyabana. Biti ikikaribia kutokea, punguza nguvu ya kusukuma.

Kwenye mashine ya kukereza, kinachopuuzwa zaidi ni urefu wa shafti uliotokeza nje ya taya zinazoishika. Kisu kinapokata huisukuma shafti pembeni, nayo hupinda kiasi kisichoonekana kwa macho. Urefu huo ukiongezeka mara 2, kupinda huongezeka mara 8 kwa nguvu ileile! Ndiyo sababu shafti hutoka nene zaidi kwenye ncha kuliko karibu na taya, au hutetemeka na kubaki na mawimbi. Kipimo salama ni kama mara 3 ya kipenyo: shafti ya milimita 20 isitokeze sana kupita milimita 60. Ikizidi, toboa kitundu katikati ya ncha yake, uiegemeze kwenye kichwa cha nyuma cha mashine.

Kukaza kupita kiasi nako huharibu. Bomba jembamba likibanwa na taya tatu hubonyea. Ukilichimba ndani hivyo, tundu linaonekana duara kamili, lakini ukilegeza taya bomba linarudi lilivyokuwa na tundu linapoteza uduara. Libane kwa taya laini, pana, zilizochongwa kufuata mviringo wake.

Na ufunguo wa kukazia taya usitoke mkononi mwako ukiwa bado umo kwenye tundu lake. Mashine ikiwashwa nao humo, huruka kwa kasi ya kuvunja mfupa. Ukishakaza, utoe, zungusha kazi kwa mkono uone haigongi popote, vua glavu, ndipo uwashe.