Kuilinda Pikipiki Isiibwe

Mkulima wa siku hizi anayo pikipiki kama vile baba yake alivyokuwa na baiskeli. Alfajiri hupeleka maziwa kituoni, mchana huleta mbolea na chakula cha kuku, na jioni kijana wa nyumbani huitumia kuchukua abiria. Kazi hii ya bodaboda ilianza kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, watu walipokuwa wakivushwa kwa baiskeli. Baiskeli ikiibwa ilikuwa hasara, lakini hasara ya kuvumilika. Pikipiki mpya leo hupita shilingi 100,000, nayo ni bei ya ng'ombe wa gredi mwenye maziwa. Tena wengi wameinunua kwa mkopo. Ikiibwa mwezi wa tatu, deni haliibwi pamoja nayo. Aliyekopa ataendelea kudaiwa na huku hana chombo cha kutafutia pesa hizo.

Ajabu ni kwamba mtu yule yule ambaye hulaza ng'ombe wake katika boma lenye komeo huiacha pikipiki chini ya mwembe, akisema kwamba ufunguo anao mfukoni.

Ufunguo peke yake hautoshi

Yafaa kila mwenye pikipiki aelewe kazi ya ufunguo wake. Swichi ya ufunguo ni kiungo cha nyaya tu, na mwizi aliyejifunza kazi yake haihitaji swichi hiyo. Kufuli ya usukani nayo ni kijiti kidogo cha chuma. Mtu mwenye nguvu akiukaza usukani kwa ghafula, kijiti huvunjika. Tena pikipiki nyingi za kazi, kama Boxer na TVS tunazoziona kila mahali, zina uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi. Watu wawili au watatu waweza kuinua moja na kuitia ndani ya pikapu bila kuiwasha. Kwa hiyo usiache kufunga usukani, lakini usidhani kwamba umemaliza.

Dawa ya kwanza ni kuifunga pikipiki kwenye kitu kisichochukulika. Nunua mnyororo mnene na kufuli nzito, si vile vijinyororo vya kufungia mbwa. Upitishe mnyororo katika gurudumu la nyuma na katika fremu, kisha uzungushe mti mkubwa au nguzo iliyochimbiwa sana. Usifunge gurudumu la mbele peke yake, kwa sababu hilo hutoka kwa kufungua nati ya ekseli tu, na asubuhi utakuta gurudumu limebaki na mnyororo wako. Tena uukaze mnyororo usilegee wala kulala chini. Mnyororo ukilala chini mwizi huuweka juu ya jiwe na kuupiga nyundo, au hukanyagia chini mkono mmoja wa mkasi wa chuma na kusukuma ule wa pili kwa uzito wa mwili wake. Ukiwa umekazwa juu hewani, kazi hiyo inakuwa ngumu na yenye kelele.

Wengine huuliza habari za kufuli ndogo zinazofungwa katika sahani ya breki. Hizo ni nzuri, lakini pikipiki nyingi za kazi zina breki za ngoma na hazina sahani hiyo. Tazama yako kwanza kabla ya kununua.

Pete ya chuma sakafuni

Mtu mwenye nyumba yake aweza kufanya jambo lililo bora zaidi kwa gharama kidogo. Katika chumba au kibanda ambamo pikipiki hulala, chimba shimo la futi moja na nusu kwenda chini na futi moja upana. Chukua kipande cha chuma cha ujenzi cha milimita 16, ukipinde kama kwato ya farasi, na miguu yake uikunje kwenda nje ili isiweze kung'olewa. Kisimamishe shimoni, kichwa cha pinde kikitokeza juu kiasi cha kupitisha mnyororo. Kisha jaza zege ya sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Mwagia maji kila siku kwa muda wa siku saba, wala usifunge kitu hapo kabla ya siku hizo. Fundi wa mawe yeyote aijua kazi hii, na saruji inayobaki yaweza kutengenezea hori la ndama.

Tazama na mlango pia. Bawaba zikiwa nje, mwizi huziondoa na kuiacha kufuli yako salama mahali pake.

Watu wengi huingiza pikipiki ndani ya nyumba wanamolala, nasi hatuwezi kuwalaumu. Lakini funga bomba la petroli kila usiku, na usiiweke karibu na jiko wala koroboi, maana mvuke wa petroli hushika moto kutoka mbali. Usiiwashe ndani ili ipate moto kabla ya kutoka. Moshi wake huua mtu akiwa usingizini. Wala usiilaze pamoja na ng'ombe, kwa kuwa mkojo na unyevu wa boma hula chuma na nyaya.

Swichi ya siri na kidude cha kufuatilia

Fundi wa umeme wa pikipiki aweza kuongeza swichi ndogo iliyofichwa, ambayo ikizimwa injini haiwaki hata kwa ufunguo wenyewe. Mahali pake pajulikane na mwenyewe na dereva tu. Ni afadhali kazi hii ifanywe nyumbani, si gereji mbele ya vijana kumi.

Siku hizi kuna pia vidude vya kufuatilia ambavyo hutumia laini ya simu na kuonyesha mahali pikipiki ilipo. Wenye kukopesha pikipiki hupenda kuvitia kabla ya kuitoa. Ni chombo kizuri, lakini si mlinzi. Hakifanyi kazi mahali pasipo na mtandao, na laini yake isipolipiwa hunyamaza bila kukuambia. Mwizi naye akijua kilipo atakikata kwanza. Taka kilicho na betri yake ndogo, kifichwe vizuri, na kila mwisho wa mwezi ujaribu kama kinajibu.

Mwizi aliye abiria

Hayo yote ni ya pikipiki iliyosimama. Wizi ulio mbaya zaidi ni ule wa barabarani, kwa sababu hapo hupotea na mtu. Abiria huja saa tatu au nne za usiku, huahidi nauli kubwa kupita desturi, na hutaka apelekwe mahali ambapo hapana nyumba. Pengine wako wawili. Pengine mwenzao anangoja njiani. Wengine hawatumii nguvu. Humkaribisha dereva soda au chai iliyotiwa dawa, naye huamka kesho yake mtaroni.

Dereva na akatae safari za namna hiyo, hata kama siku ilikuwa mbaya. Akikubali safari ya usiku, awaambie wenzake wa steji anakwenda wapi na anamchukua nani, mbele ya abiria mwenyewe. Mwizi hapendi kutajwa. Asinywe wala asile kitu cha abiria. Akikutwa na watu wenye panga au bastola, awape ufunguo aende zake. Twasema haya kwa nguvu, kwa sababu vijana wengi wameuawa wakipigania pikipiki ambayo si yao, wakiogopa maneno ya tajiri jioni.

Hapa wenye pikipiki wana lawama yao. Tajiri anayedai hesabu ile ile kila jioni, mvua ikinyesha au jua likiwaka, ndiye anayempeleka kijana kwenye nauli za usiku. Ni vizuri wawili hawa waandikiane mapatano kabla ya kazi: saa ya mwisho ya kufanya kazi, pikipiki italala wapi, na itakuwaje ikiibwa bila kosa la dereva. Karatasi hiyo iwekwe sahihi mbele ya mashahidi. Bila hiyo, siku ya wizi kijana huitwa mwizi na jamaa mbili hugombana miaka mingi.

Namba na hati

Kila pikipiki ina namba ya fremu, ambayo kwa kawaida imechapwa penye shingo ya usukani, na namba ya injini iliyo ubavuni mwa injini. Ziandike zote mbili, upige picha kwa simu, na umwachie mtu mwingine nakala. Namba ya usajili uichonge pia mahali pasipoonekana upesi, kama chini ya tangi na ndani ya kifuniko cha pembeni. Pikipiki nyingi zilizoibwa hukatwa na kuuzwa vipande vipande au huvushwa mpaka, na bamba la namba hutupwa siku ile ile.

Anayenunua iliyotumika na awe mwangalifu kuliko wote. Atake hati ya umiliki na kitambulisho cha anayeuza, alinganishe namba za hati na zile za chuma, na atafute jina la mwenyewe katika huduma za NTSA zilizomo katika eCitizen, kwa ada ndogo. Namba iliyosuguliwa kwa tupa ni sababu ya kuondoka hapo hapo. Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, yampa mwizi wa chombo cha moto kifungo kisichozidi miaka 7. Lakini anayepokea mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, aweza kufungwa hata miaka 14. Na bei iliyo nusu ya bei ya soko yaweza kuwa sababu hiyo mbele ya hakimu.

Kumbuka pia habari ya bima. Bima ya mtu wa tatu, ambayo sheria yataka kila mwenye pikipiki barabarani awe nayo, haikulipi hata senti moja pikipiki ikiibwa. Inawalipa wale walioumizwa nayo. Anayetaka kulipwa kwa wizi lazima akate bima kamili, tena asome masharti yake.

Ikiibwa

Usingoje asubuhi. Piga 999 au 112, kisha uende kituo cha polisi ukaandikishe na upate nambari ya OB. Nambari hiyo itatakiwa na bima na na waliokukopesha. Mwarifu Chifu na viongozi wa steji, maana wao wana simu za steji nyingine mpaka mbali. Kidude kikionyesha nyumba fulani, usiende peke yako wala na kundi la vijana. Wape polisi habari hiyo. Na mshukiwa akikamatwa na wananchi, apelekwe kituoni akiwa hai. Kumchoma mtu moto ni kuua, na wako waliochomwa ambao hawakuwa wezi.

Pikipiki ikipatikana, nenda na hati, picha na habari ya ile alama uliyoichonga kwa siri. Huenda ikawekwa kituoni kuwa ushahidi mpaka kesi iishe, lakini mwenyewe aweza kuiomba mahakama airudishiwe. Ikisharudi, badilisha swichi ya ufunguo na kufuli zote kabla ya kuilaza tena, kwa maana huenda ufunguo mwingine umekwisha chongwa.