Jikoni: moto nao unataka hewa

Ramadhani moja waliletwa kituoni, baada ya futari, mama na binti zake wawili. Vichwa vinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu. Wenyewe walishaamua ni malaria. Homa hawana, kipimo hakikuonyesha kitu. Nikauliza walikuwa wapi. "Jikoni, dirisha tumefunga, upepo unatuzimia jiko la gesi."

Kumbe! Kilo 1 ya gesi ya kupikia huhitaji hewa takriban mita 12 za ujazo ili iungue sawasawa, yaani hewa yote ya chumba cha mita 2 kwa 2 na nusu. Hewa ikipungua hutoka kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Usingoje kunusa, ile harufu tuijuayo hutiwa makusudi ili tutambue gesi inayovuja.

Tazama mwali. Tunautaka wa bluu. Ukigeuka njano na sufuria ikashika masizi, fungua dirisha. Jiko liwe na matundu mawili, la juu na la chini, na gunia lisiyazibe. Mkaa ni hatari zaidi, hata uliokwisha moshi: usiuingize chumba cha kulala. Mtume (S.A.W.) alishatukataza kulala na moto unawaka nyumbani.

Mtu akizidiwa, mtoeni nje kwanza, kisha hospitali. Na mseme mlikuwa na moto ndani, kwani kile kipimo cha kidoleni huweza kumdanganya hata daktari.