FRIJI LINATEKENYA? NYUTRO NA ATHI SI KITU KIMOJA

Hebu jibu kwa ukweli, mwenzangu. Nyumbani kwenu kuna friji, pasi au jiko la umeme ambalo ukiligusa linakutekenya vidoleni? Ziko nyumba ambazo watu wamezoea kabisa. Mama anawaambia watoto, "Vaeni ndala kwanza ndio mfungue friji," na maisha yanaendelea. Maji yanapoa, barafu zinauzwa, nani ataita fundi? Lakini friji hilo lina umeme kwenye mwili wake wa chuma. Sasa fikiria mdogo wako ametoka kuogelea Raskazone, miguu mibichi, hana ndala, na ana kiu.

Ili uelewe hatari hiyo, tufuate njia ya umeme. Kutoka nguzo ya TANESCO, nyumba ya kawaida hupata nyaya mbili. Moja ni laivu, ambayo ina volti 230. Nyingine ni nyutro. Umeme unaingia kwa laivu, unapita kwenye balbu au friji, unarudi kwa nyutro hadi kwenye transfoma. Huko kwenye transfoma nyutro imeunganishwa na ardhi, ndiyo maana fundi akiigusa kwa testa, taa haiwaki.

Athi ni waya wa tatu, na huu unaanzia hapo hapo kwenu. Inapigwa rodi ya chuma ardhini karibu na ukuta, kisha waya unapanda mpaka swichi kuu, na kutoka hapo unakwenda kwenye tundu kubwa la juu la kila soketi. Siku zote waya huu haufanyi kazi yoyote. Unangoja siku laivu itakapochubuka na kugusa bati la friji, ili umeme upite kwake badala ya kupita kwako.

Hapo mwanafunzi mjanja atauliza: kama nyutro imeungwa ardhini na athi imeungwa ardhini, si tuziunganishe tu? Wapo mafundi wa mkato wanaofanya hivyo. Nyumba haina rodi, basi fundi anachukua kipande cha waya, anaunga nyutro na tundu la athi ndani ya soketi, anafunika. Ukitazama, kila kitu sawa.

Subiri nyutro ikatike. Na kwetu pwani itakatika tu, maana upepo wa bahari una chumvi na chumvi inakula viungo vya nyaya. Nyutro ikikatika, umeme ulioingia kwenye friji unakosa njia ya kurudi. Unapita kwenye kile kipande cha waya na kujaa kwenye bati lote la friji, volti 230 kamili. Ubaya zaidi ni kwamba friji limezimika! Watu wanadhani umeme umekatika, wanalisogeza kwa mikono miwili. Dalili anayoijua fundi ni testa kuwaka matundu yote mawili ya soketi, la laivu na la nyutro. Ukisikia hivyo, zima swichi kuu, usiguse kitu.

Haya, tuseme rodi ipo. Je, inatosha? Chukua kalamu, tumia sheria ya Ohm. Ardhi ya matumbawe au mchanga mkavu haipitishi umeme vizuri. Tuseme rodi ina ukinzani wa omu 100. Gawa 230 kwa 100, unapata ampia 2.3. Sakiti breka ya soketi inangoja ampia 20 au 32. Haitashtuka hata kidogo, na bati litabaki na umeme. Wazee humwagia chumvi na mkaa kwenye shimo la rodi, na kweli ukinzani unapungua, ila chumvi hiyo hiyo inaila rodi.

Dawa yake ni breka ya pekee yenye maandishi RCD au RCCB. Inalinganisha umeme unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Ikipotea ampia 0.03 tu, inakata mara moja. Mwili uliolowa unaweza kuwa na omu 1000 hivi, kwa hiyo umeme utakaokupita ni ampia 0.23, na hiyo inatosha kuvuruga moyo. Ina kibonyezo chenye herufi T. Ukikibonyeza lazima izime; isipozima ni mbovu. Na kama nyutro na athi zimegusana ndani ya nyumba, RCD itaruka hovyo. Fundi mvivu huilaumu na kuing'oa, kumbe inasema kweli.

Wewe mwanafunzi usifungue bodi, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Lakini macho unayo. Tazama kama rodi ipo na waya wake haujaoza pale ulipofungwa. Tazama kama friji lina plagi ya pini tatu, maana wengine huikata na kuweka ya pini mbili, kisha wanachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili soketi ifunguke. Chaja ya plastiki haihitaji athi. Friji, pasi na jiko la chuma vinaihitaji.

Mtu akinaswa, usimshike. Zima swichi kuu. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, paza sauti upate msaada, mlaze chali juu ya sakafu ngumu, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka wasaidizi wafike. Hata akiinuka na kusema "nimepona," apelekwe Bombo au hospitali ya jirani wampime moyo, kwa sababu kidonda cha nje kinaweza kuwa kidogo kuliko madhara ya ndani.